Vidole Viwili vya Maji

“Basi saini! Saini, halafu na kalamu uimeze, wakiitafuta waikute tumboni.”

Dobi alisema hivyo akiwa ameinamia beseni, mikono imezama kwenye povu mpaka viwiko. Mumewe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi iko magotini, kofia ya kazi iko kichwani bado, ingawa alikuwa nyumbani na jua lilikuwa halijafika hata saa tisa. Dereva anayerudi nyumbani saa nane mchana siku ya Ijumaa hahitaji kuulizwa kuna nini.

“Punguza sauti, mama watoto.”

“Nipunguze ya nini? Mchafuzi wa mafuta ni wewe, si mimi. Karatasi imesema.”

“Haijasema nimechafua. Imesema nimechanganya.”

“Ahaa. Umekuwa mpishi.”

Binti yao, aliyekuwa akipiga pasi mlangoni, alicheka, kisha akajifanya kukohoa. Baba yake alimtazama. Binti akarudi kwenye kola aliyoipiga pasi mara tatu tayari.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Mimi niliyetia saini hapa chini nakiri kwamba katika wiki sita zilizopita nimechanganya mafuta ya kampuni na maji na uchafu mwingine, na kwamba naomba huruma ya kampuni. Huruma ya kampuni iliandikwa mstari wa chini yake: atashushwa kwenye lori, atapelekwa sehemu ya kuosha magari kwa nusu ya mshahara. Asiposaini kabla ya saa nne asubuhi ya kesho Jumamosi, atafukuzwa, na jambo litapelekwa polisi.

“Bora nusu shari kuliko shari kamili,” mumewe alisema. Wenzake yadi walimwita Breki, kwa sababu katika miaka kumi na saba hajagonga hata kuku. “Nikiosha magari, angalau nina kazi.”

“Na watu wakikuuliza umefikaje kwenye mpira wa maji?”

“Nitawaambia nimechoka usukani.”

“Wewe? Unayeendesha hata ukilala? Juzi umenikanyaga klachi usingizini mpaka nikaota alama.” Alikamua suruali ya ovaroli kama anayenyonga jogoo. “Nijibu swali moja tu. Ulichanganya?”

“Katika wiki hizi sita? Sijagusa tangi lile.”

“Basi unakiri nini?”

Breki alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Mambo yalianza na jani. Wiki sita zilizopita kampuni ilibandika picha ya jani la kijani kwenye mlango wa kila lori, ikawaambia madereva kuwa kuanzia siku hiyo hawatatia dizeli ya kawaida. Watatia bayodizeli, inayotengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika na mbegu za shambani. Meneja alisoma faida zake kwenye simu. Madereva walisikiliza mikono nyuma, kama wanafunzi, kisha wakaenda kunusa pampu.

Siku ya tatu tu mafuta yale yalikuwa na jina: mafuta ya chipsi. Injini zilinguruma kwa upole kidogo, moshi haukuwasha macho tena, na tatizo kubwa walilokubaliana wote ni kwamba ukikaa nyuma ya lori la mwenzako unasikia njaa. Kwenye taa za barabarani watu walipaza sauti, “Dereva, ongeza chumvi!” Breki alizoea. Alikuja kumwambia mkewe kwamba lori lake, ambalo ndilo kongwe kuliko yote yadi, limekuwa kama mzee aliyepata meno mapya.

Wiki ya tatu likazimika juu ya daraja. Fundi wa yadi alibadilisha filta, yaani lile kopo linalochuja mafuta kabla hayajaingia kwenye injini, likawaka. Wiki ya tano likazimika kwenye geti la kiwanda cha saruji, walinzi wakalisukuma huku wakimtukana. Juzi, Jumatano, lilizimika katikati ya mlima, na foleni ya magari ikajipanga nyuma yake ikipiga honi. Fundi alipofungua filta, ndani kulikuwa na uji mweusi na maji. Meneja aliyamimina kwenye chupa ya jemu, akaiweka mezani kwake kama ua.

“Malori kumi na mbili,” Meneja alimwambia Breki. “Mafuta yanatoka pampu moja. Kumi na moja hayana shida. Nieleze.”

Ijumaa mchana Breki akapewa karatasi.

Dobi alikuwa ndiye mfuaji wa ovaroli za yadi ile. Ovaroli kumi na mbili zilikuja kila Alhamisi na kurudi kila Jumamosi, kila moja ina namba mgongoni, namba ya lori la mwenyewe. Alikuwa na sheria moja aliyoachiwa na mama yake, aliyekuwa dobi pia: mfuko wa mtu ni kinywa chake. Usifungue usichoambiwa, na ukifungua kwa bahati, usiseme. Kila alichokuta mfukoni, awe amekuta noti, risiti, kidonge au picha ya mwanamke asiye mke, alikifunga kwenye kipande cha kitambaa na kukirudisha mfuko uleule nguo ikishakauka. Kwa ajili hiyo tu wanaume kumi na mmoja walimwamini kuliko walivyowaamini wake zao.

Alipomwacha mumewe na karatasi yake, alirudi kwenye kazi. Hasira haifui nguo, lakini nguo hufua hasira kidogo. Alichukua namba saba, akaitandaza juu ya jiwe, akasimama.

Paja la kulia la namba saba lilikuwa na doa. Alilijua doa lile kama mtu anavyojua kovu la mwanawe. Ni mahali mwenye ovaroli hupangusia mkono akishajaza mafuta. Alikuwa amelipiga sabuni, ndimu, magadi na matusi kwa miaka saba, halikutoka. Leo lilikuwa limetoka. Si lote, lakini katikati yake palikuwa peupe.

Akachukua namba nne. Paja jeupe. Namba kumi na moja, pindo la mkono lililokuwa jeusi miaka yote lilikuwa limerudia rangi ya bluu ya kiwandani. Hakuwa amebadilisha sabuni.

“Wewe,” alimwita binti, “ukishika ulimbo wa fenesi mkononi unautoaje?”

“Kwa mafuta ya kupikia, mama. Maji hayatoi.”

“Na rangi ya mafuta?”

“Hivyo hivyo. Kwani mama, umeshika nini?”

Dobi alikuwa ameanza kukagua mifuko, jambo analofanya kila mara kabla ya kuloweka, na leo alikagua kwa macho mengine. Namba nne: mpira mweusi wa duara, mkubwa kama bangili ya mtoto. Namba saba: mpira kama huo, na mwingine. Namba kumi na moja: mpira mmoja, umekatika. Juma lililopita pia aliona mipira kama hiyo, akaifunga kwenye vitambaa na kuirudisha bila kuwaza, kwa kuwa si kazi yake kuwaza.

Alibeba mmoja kwenye kiganja mpaka mahali mumewe alipokuwa.

“Hiki ni nini?”

Breki alikitazama upesi. “Mpira wa filta. Ukifungua filta kuukuu, mpira wake hubaki umeganda kwenye chuma. Unaubandua kwa ukucha.”

“Halafu?”

“Halafu unautia mfukoni. Ukiuangusha pale pale mtu atauona.” Alisita. “Umetoka mfuko wa nani?”

“Sikwambii. Yadi wametoa filta ngapi tangu mafuta ya chipsi yaanze?”

“Tatu. Zote zangu. Karani wa stoo ananiita mteja.”

“Basi hapa nina mipira minne, na hakuna hata mmoja uliotoka mfukoni mwako.”

Breki alisimama. Ndoo ikaanguka ikabiringika mpaka kwenye mfereji, na hakuna aliyeifuata.

Namba saba ilikuwa ya Mpole. Aliitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake. Hata akigombana ungedhani anaomba maji. Yeye na Breki walianza kazi siku moja, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa tatu, mlango wa bati lenye kutu karibu na duka la vifaa vya ujenzi. Dobi aliifua namba saba upesi, akafika nayo mbichi mkononi. Mke wa Mpole alimfungulia, akaitazama nguo inayodondosha maji.

“Leo umeleta bafu zima, wifi?”

“Nataka kumwona mumeo. Jambo la dakika mbili.”

Mpole alikuwa akila. Alimkaribisha kiti, akamkaribisha chakula, akakataliwa vyote. Dobi aliweka mipira miwili mezani kando ya sahani yake. Katika maisha yake ya kazi ilikuwa mara ya kwanza kutoa kitu mfukoni mwa mtu na kukiweka mahali ambapo mtu mwingine anaweza kukiona, na alihisi kama amemvua Mpole shati mbele ya mkewe.

“Nini hicho?” mke wa Mpole aliuliza.

“Vyuma chakavu,” Mpole alisema.

“Ni mpira.”

“Basi mpira chakavu. Kaniletee maji.”

“Maji unayo mbele yako.”

Mpole aliacha kula. Alifuta vidole kimoja kimoja.

“Lori lako linazima, shemeji,” Dobi alisema, “na unanunua filta kwa fedha yako, unabadilisha barabarani, unanyamaza. Namba nne naye anafanya hivyo. Kumi na moja pia. Na mume wangu anapewa karatasi ya kusaini kwa sababu malori kumi na moja hayana shida.”

“Ungekuwa wewe ungefanyaje?” Sauti ya Mpole ilikuwa ya chini kama kawaida. “Wa kwanza kusema lori langu linazima, ndiye mwizi wa kwanza. Breki alisema. Unaona alikofika. Sisi wengine tuliona mapema, tukafunga midomo.”

“Fedha ya viatu vya mtoto!” mke wake alisema ghafla. “Uliniambia imeibwa. Ndiyo filta?”

“Filta mbili.”

“Mtoto anakwenda shule na kandambili, wewe unavalisha lori!”

“Mama nanii, subiri kwanza...”

“Nasubiri nini? Lori likue?”

Dobi aliwangoja wamalize, na hawakumaliza, kwa hiyo akapitisha sauti katikati. “Mafuta haya mapya yanaosha, shemeji. Nimeona kwenye nguo zenu. Uchafu wa miaka ulioganda kwenye matangi unabanduka na kuziba filta. Lori la mume wangu ndilo zee, ndilo lina uchafu mwingi. Kesho simameni wanne mseme. Basi. Hamtakuwa wezi, mtakuwa wanne.”

Mpole alimtazama kwa muda. Hakukuwa na uadui machoni mwake, wala matumaini.

“Uchafu tutasema umebanduka,” alisema. “Na maji je? Kwenye ile chupa ya Meneja kuna maji. Mafuta hayaoshi yakatoa maji pasipo na maji. Nenda nyumbani, shemeji, umuulize mumeo habari ya vidole viwili. Akishakueleza ndipo utajua kwa nini hakuna atakayesimama.”

Alimrudishia mipira yake. “Na hii uirudishe ilipokuwa. Kama kawaida yako.”

“Kila kitu kitarudi kilipokuwa,” Dobi alisema. “Hiyo ndiyo kazi yangu.”

Alimkuta Breki bado uani, amekwisha kuanika zile nguo alizoziacha, moja ya hizo akiwa ameianika kichwa chini miguu juu. Binti alikuwa ametumwa dukani. Chini ya paa la bati la pale wanapofulia palikuwa na giza kidogo, lile giza la jioni ambalo halistahili taa bado.

“Vidole viwili ni nini?”

Breki alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. “Umetoka kwa Mpole.”

“Nimetoka nilikotoka.”

Alimweleza akiwa amesimama, akishika kamba ya nguo, na alimweleza vizuri, kama anayemfundisha dereva mpya. Tangi la lori lina bomba linalovuta mafuta kwenda kwenye injini. Bomba hilo haligusi chini. Limeinuliwa vidole vitatu kutoka sakafu ya tangi. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini. Kwa hiyo ukitia maji ya vidole viwili, bomba halitayafikia kamwe. Injini haitajua. Karani akija jioni na kijiti chake cha kupimia, atachovya, ataona tangi limefika alama inayotakiwa, ataandika. Vidole viwili vya tangi lile ni madumu mawili ya lita ishirini.

“Unatoa madumu mawili ya dizeli, unatia madumu mawili ya maji,” alisema. “Mara moja tu. Huwezi kurudia, maana ya pili yatafika kwenye bomba. Na huwezi kuyatoa tena, maana siku ukiyatoa, kijiti kitasema tangi limepungua. Yanakaa humo. Tunaita kumnywesha punda. Kila dereva wa zamani pale amemnywesha punda wake mara moja, wakati wa shida yake. Fundi akitaka kumwaga tangi, unamwambia, usijisumbue, nilimwaga mwenyewe juzi.”

“Wewe lini?”

“Miaka minane.”

“Miaka minane umeyabeba.”

“Yalikuwa hayasemi. Sasa haya mafuta ya chipsi yameyakoroga. Yamebandua tope, tope limepanda na maji yake. La kuvunda halina ubani, mama watoto. Ndiyo maana nikasema nisaini. Karatasi imekosea tarehe tu.”

Dobi aliinua macho. Juu yao palikuwa na mabati manne, yaliyopigiliwa juu ya miti, yaliyomfanya aache kufulia juani na mvuani, yaliyomfanya apate kazi ya yadi kwa kuwa alikuwa na mahali pa kuanika hata masika. Alikumbuka yalivyokuja. Alikumbuka pia kwamba juma hilohilo, akifua ovaroli ya mumewe, alikuta mfukoni kipande cha mpira wa kunyonyea mafuta na noti zinazonuka dizeli. Alizifunga kwenye kitambaa, akazirudisha. Hakuuliza. Kesho yake mabati yakaletwa, akayashangilia.

“Nilikuta noti,” alisema.

“Najua. Ulizifunga mafundo mawili. Kwa kawaida unafunga moja.”

Binti aliingia na mkate, akawaangalia, akauweka juu ya meza na kwenda kukaa mbali.

“Ukisaini,” Dobi alisema mwishowe, “watakuoshesha magari kwa kosa la wiki sita hizi, usilolifanya. Na lori watampa mwingine, na litazima kwake, na la Mpole litazima, na wote mtaendelea kuvua viatu vya watoto kununua filta. Uongo huo utalipwa na nani mpaka lini?”

“Nikisema kweli nawavua nguo wenzangu kumi na mmoja.”

“Sijakwambia uwaseme wenzako. Wenzako wana vinywa. Sema la kwako.”

“Watanifukuza.”

“Wanaweza.” Alianza kuanua nguo zilizokauka. “Mimi sikukuambia ni rahisi. Nimeuliza tu uongo utalipwa na nani.”

Breki aliichukua ile ovaroli iliyoanikwa kichwa chini, akaigeuza. Hakusema atafanya nini, naye Dobi hakumuuliza tena. Alikwisha kusema, na akisema mara ya pili huwa ni kelele.

Jumamosi asubuhi walikwenda pamoja, Breki akisukuma mkokoteni, Dobi akitembea kando kushikilia mabeseni matatu yaliyojaa nguo zilizokunjwa. Yadi ilikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, malori kumi na mbili yamejipanga pua ukutani. Meneja alikuwa ametoa meza yake nje, mbele ya ofisi. Juu yake kulikuwa na karatasi, kalamu, na ile chupa ya jemu: juu mafuta ya manjano, katikati utando mweusi, chini maji. Madereva waliambiwa wakusanyike washuhudie. Walikusanyika kama watu wanaokwenda kumtazama maiti wasiyemdai kitu.

Dobi aligawa nguo kama kila Jumamosi. Namba moja. Namba mbili. Alipofika namba nne, mwenyewe aliipokea, akapapasa mfuko, akakuta fundo la kitambaa, akashusha macho. Namba saba. Mpole alipapasa wake. Walitazamana kidogo. Dobi akapita.

“Umekuja na mkeo akushike mkono?” Meneja alimuuliza Breki.

“Amekuja kazini kwake.”

“Vizuri. Saini tumalize, watu wana safari. Dereva mzima unasimamisha mlima mzima, wateja wananipigia simu wanacheka. Mimi nilikuwa na haki ya kukufukuza Jumatano.”

Breki aliisoma karatasi tena, polepole, mdomo ukicheza.

“Hii inasema wiki sita.”

“Ndiyo.”

“Basi sisaini. Si wiki sita.”

Meneja alicheka, akawatazama wengine wacheke naye. Hakuna aliyecheka. “Ni wiki ngapi basi?”

Breki aligeuka, akaenda kwenye lori lake. Dobi alielewa kabla ya watu wengine wote, kwa kuwa aliona mkono wa mumewe ukiingia chini ya kiti na kutoka na spana kubwa. Alimimina nguo zilizobaki kwenye mkokoteni, akabeba mabeseni mawili matupu, akayafikisha chini ya tangi wakati Breki alipokuwa tayari amelala chali kwenye saruji na ovaroli yake safi.

“Wewe! Unafanya nini?” Meneja alipiga hatua.

“Namwaga,” sauti ilitoka chini ya lori. “Tangi hili halijamwagwa kwa miaka minane.”

Nati ilikataa. Akaigonga kwa kisigino cha mkono, akaikaza spana, akavuta. Ililia kama mlango, ikaachia. Yaliyotoka kwanza hayakuwa mafuta. Yalikuwa maji, ya rangi ya chai iliyochacha, yamebeba vipande vya kutu na tope laini jeusi linalonyooka kama nyuzi. Yalinuka vibaya mpaka walio mbele wakarudi nyuma. Beseni la kwanza lilijaa. Dobi alisukuma la pili kwa mguu bila kuacha tone likaanguka chini, na la pili nalo likajaa karibu mpaka mdomoni kabla rangi haijaanza kubadilika na kuwa ya manjano, safi, na yadi nzima ikanuka chipsi. Breki akaziba tundu kwa kidole gumba.

Fundi alichuchumaa. Alichukua kipande cha kutu, akakivunja kwa vidole.

“Hii si ya wiki sita, bosi,” alisema. “Hii ni ya miaka. Mafuta mapya yamekuja kuibandua tu.”

“Na maji?” Meneja aliuliza. “Maji nayo yalibanduka?”

“Maji ni yangu,” Breki alisema kutoka chini. “Madumu mawili. Niliuza dizeli madumu mawili miaka minane iliyopita, nikatia maji ili kijiti kifike alama. Hayo andika, nitasaini. Bei ya madumu mawili nitalipa. Lakini wiki sita hizi sijagusa kitu. Nipe kitambaa, mama watoto, nati hii ina tope.”

Dobi alitazama huku na huku. Vitambaa vyake vyote vilikuwa vimefungwa mafundo ndani ya mifuko ya watu. Akanyoosha mkono mezani, akachukua ile karatasi, akampa. Breki aliipangusia nati mbele na nyuma, akairudisha mahali pake, akakaza.

Meneja alionekana kama mtu aliyeandaa hotuba ya msiba akakuta marehemu ameketi. “Jumatatu,” alisema mwishowe. “Jumatatu ndipo utajua kama unarudi kwenye usukani au hurudi kabisa. Leo lori hilo halitoki.” Akawageukia wengine kumi na mmoja. “Na nyinyi? Kuna mwingine mwenye la kusema?”

Mwenye namba nne alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Breki alitoka chini ya lori, mgongo mzima mweusi, akasimama karibu na mkewe. Hakuwatazama wenzake hata mmoja, wala Dobi hakuwatazama. Alikuwa akikagua beseni la tatu, lililobaki safi juu ya mkokoteni, kama lina ufa.

Mpole alikuwa ameingiza mkono mfukoni tangu mwanzo. Sasa aliutoa. Kitambaa kilikuwa kimefunguliwa.

“Breki,” alisema kwa sauti yake ileile ya kuomba maji, “niazime hiyo spana.” Kisha, bila kuinua kichwa: “Na hilo beseni, shemeji, lisogeze huku.”

Dobi akalisogeza.